UZI: Moo Duk Kwan, shule ya mapigano iliyozaliwa relini. Hwang Kee na walimu waliomfuata

Mtoto wa Reli (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam nyingi.

Kuna ndugu alileta mjadala wa zile filamu za mapigano tulizokuwa tunalipia kiingilio kwenye vibanda vya video, watu wakabishana sana kuhusu Chuck Norris. Yule aliyepambana na Bruce Lee ndani ya magofu ya Roma kwenye filamu ya 1972. Wengine wakasema alisomea karate Japani, wengine wakashikilia taekwondo. Niliahidi kuleta uzi wake. Leo nimetoka zamu mapema, chai iko pembeni, ngoja nikae kitako.

Jibu fupi ni Tang Soo Do, sanaa ya mapigano ya Kikorea. Norris alikuwa askari wa jeshi la anga la Marekani, akapangiwa kambi ya Osan, Korea Kusini, mwishoni mwa miaka ya 50, na ndiko alikoanzia. Mmoja wa walimu waliomfundisha anaitwa Jae Chul Shin. Lakini mtu akikujibu hivyo akaishia hapo amekupa nusu ya habari, kwa sababu swali linalofuata ndilo kubwa: huyo Shin naye alifundishwa na nani?

Mimi nafanya mazoezi ya Tang Soo Do hapa New Jersey, huu mwaka wa sita. Haya nitakayoandika ndiyo tunayofundishwa ukumbini pamoja na mateke, na kila anayepanda mkanda anaulizwa.

Mwalimu wa Shin ndiye mzee mwenyewe, Hwang Kee, mwanzilishi wa Moo Duk Kwan. Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1914 huko Jangdan, sehemu ambayo leo iko karibu kabisa na mpaka unaozitenga Korea mbili. Nchi ilikuwa mikononi mwa Wajapani tangu 1910. Alisimulia mwenyewe kwamba akiwa na miaka kama 7, siku ya sikukuu ya Dano, alimwona mtu mmoja amezongwa na wanaume saba au wanane. Yule mtu hakukimbia. Aliwapangua kwa miguu. Mtoto akamfuata kwa mbali mpaka akaijua nyumba yake. Siku nyingine akapanda kilimani, akawa anamchungulia anavyofanya mazoezi. Mwisho akapiga moyo konde, akashuka kwenda kuomba afundishwe. Akaambiwa wewe bado mdogo. Akarudi kilimani kwake, akaendelea kuiga anachokiona.

Mwaka 1935 alimaliza shule, akaenda Manchuria kufanya kazi ya reli. Hapa ndipo mzee huyu aliponikamata mimi, maana baba yangu alikuwa mtu wa reli na nimekulia kota za reli Tabora. Najua maisha ya kupelekwa mbali na kwenu kufuata treni. Mei 1936, kulekule Manchuria, akabisha hodi kwa mwalimu wa Kichina aitwaye Yang Kuk Jin. Akakataliwa tena. Akarudi, akakataliwa. Akarudi mpaka akapokelewa. Na alipopokelewa hakuanza na ngumi. Alianza na namna ya kusimama, halafu namna ya kutembea. Alirudi Korea Agosti 1937, akaenda kumwona mwalimu wake tena mwaka 1941 kwa muda mfupi. Baada ya vita njia ikafungwa, hakuweza kurudi.

Nitaendelea. Mtoto ananiita.

Mla Kashata

Nimekaa pale mkuu, shusha madini. Ila nieleweshe kitu kimoja, hiyo Tang Soo Do na taekwondo si kitu kimoja? Mbona mateke yao naona yanafanana?

Mtoto wa Reli

Nimerudi. Mkuu Mla Kashata, swali lako ndilo kiini, lakini nivumilie nifike 1945 kwanza.

Wajapani walisalimu amri Agosti 1945. Hwang Kee hakungoja hata miezi mitatu. Tarehe 9 Novemba, siku aliyotimiza miaka 31, akafungua darasa lake Yongsan, Seoul, kwenye mazingira ya reli alikokuwa akifanya kazi. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa wafanyakazi wenzake wa reli. Akaiita Moo Duk Kwan. Kwan ni nyumba au ukumbi. Duk ni maadili, tabia njema. Moo ndiyo vita, ila herufi yenyewe ya Kichina inayoandikwa hapo imeungwa kwa vipande viwili, "kusimamisha" na "mkuki". Nilipochorewa herufi ile ubaoni na kuonyeshwa vipande vyake kimoja kimoja, nilielewa kwa nini mwalimu wetu akikuona unapiga kwa hasira anakusimamisha pembeni mpaka utulie.

Alichokuwa anafundisha alikiita Hwa Soo Do. Watu hawakulielewa jina hilo, na darasa likawa halishiki. Baada ya miaka 35 ya kutawaliwa, jina ambalo Wakorea walilizoea lilikuwa Tang Soo. Akabadilisha, ikawa Tang Soo Do.

Korea ya wakati ule ilikuwa na kwan nyingine kubwa nne. Chung Do Kwan ya Lee Won Kuk, Song Moo Kwan ya Ro Byung Jick, Yun Moo Kwan ya Chun Sang Sup (ndiyo iliyokuja kuitwa Ji Do Kwan), na darasa la Yoon Byung In pale YMCA lililozaa Chang Moo Kwan. Halafu ikaja vita ya 1950. Chun na Yoon walipotelea Kaskazini, wanafunzi wao wakabaki kuendesha shule bila mwalimu. Naomba jambo hili msilipite haraka. Ndani ya miaka mitano tangu milango ifunguliwe, shule mbili kati ya tano zilikuwa zimepoteza chanzo chake.

Sasa taekwondo. Jina lenyewe lilipitishwa Aprili 1955, likisukumwa na jenerali Choi Hong Hi. Baada ya mapinduzi ya Park Chung-hee, Mei 1961, serikali ikataka kwan zote ziwe chombo kimoja cha taifa. Nyingi zikaingia. Hwang Kee akakataa. Alikuwa ameshasajili chama chake mwaka 1960, akasema hawezi kukabidhi nyumba aliyoijenga. Walipotaka kumfutia usajili alikwenda mahakamani, na mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Korea ikampa ushindi.

Lakini ushindi ulimkuta nyumba imeshapasuka. Mwaka 1965 wanafunzi wake wakubwa, akiwemo Hong Chong Soo, walikuwa wameondoka na sehemu kubwa ya watu kwenda upande wa taekwondo, na jina la Moo Duk Kwan wakaondoka nalo. Ndiyo maana hadi leo ukikutana na nembo ya Moo Duk Kwan kifuani mwa mtu, inabidi umuulize ni Moo Duk Kwan ipi. Siwahukumu walioondoka. Waliamini mchezo wa taifa lao utafika mbali, na ulifika: maonyesho kwenye Olimpiki ya Seoul 1988, medali kamili Sydney 2000. Aliyebaki na Hwang Kee alibaki bila Olimpiki na bila fedha za serikali.

Kwa hiyo mateke kufanana ni kwa sababu ni watoto wa mtaa mmoja. Waligombana ukubwani.

Karateka wa Zamani

Mkuu uzi mzuri lakini naomba tuwe wakweli. Nimefanya Shotokan, mtindo wa karate ya Kijapani, zaidi ya miaka kumi. Nimewahi kuwaona watu wa Tang Soo Do wakifanya mapigo yao ya mfululizo, ni kata zetu zilezile! Pyong Ahn zenu tano ni Heian zetu tano. Bassai ni Bassai. Sasa walimu wenu wanaposema ni urithi wa Kikorea wa miaka elfu mbili wananipa tabu. Hiyo ni karate ya Okinawa iliyovalishwa hanbok, vazi la Kikorea.

Mtoto wa Reli

Karateka, nashukuru sana umelileta hili, na nakuunga mkono kwa sehemu kubwa kuliko unavyodhani.

Jina lenyewe linakubali. Herufi mbili za "Tang Soo" ndizo zilezile ambazo watu wa Okinawa walikuwa wanaandikia "karate" zamani, maana yake mkono wa China. Wajapani walibadilisha herufi ya kwanza miaka ya 30 ikawa "mkono mtupu". Wakorea wakabaki na ile ya zamani, wakaisoma kwa lafudhi yao. Na hizo Pyong Ahn ni mapigo ya Itosu wa Okinawa, aliyeyapanga mwanzoni mwa karne iliyopita ili yafundishwe mashuleni.

Hwang Kee alizipata wapi? Vitabuni. Mwaka 1939 alikuwa anafanya kazi ofisi ya reli Seoul, na maktaba ya reli ilikuwa na vitabu vya karate ya Okinawa. Akasoma, akajifunza peke yake. Na hili si siri iliyofichuliwa na maadui zake, aliliandika mwenyewe uzeeni, kwenye historia aliyoitoa mwaka 1995. Mzee wa miaka 80, mwenye wanafunzi mabara yote, angeweza kusema alifundishwa na mtawa wa milimani na wote tungeamini. Akasema nilisoma maktaba.

Mimi ningemheshimu kwa hilo hata kama asingekuwa na teke moja la maana.

Upande wa Kikorea upo pia, lakini uingie mahali pake. Mwaka 1957 Hwang Kee alikikuta kwenye maktaba ya chuo kikuu Seoul kitabu cha Muye Dobo Tongji, kilichokamilika mwaka 1790 kwa amri ya mfalme Jeongjo. Kiliandikwa na wasomi wawili, Yi Deok-mu na Pak Je-ga, pamoja na mwanajeshi, Baek Dong-su. Kina mikuki, panga, mapigano ya farasi, na sura ya mikono mitupu. Akakaa na kitabu kile miaka, akaunda kutokana nacho mapigo mapya, Chil Sung na Yuk Ro, na akaanza kuiita sanaa yake Soo Bahk Do. Kwa hiyo kilichopo leo kina mito mitatu: China ya Yang Kuk Jin, Okinawa ya vitabuni, na Korea ya 1790. Ukinionyesha mwalimu anayeficha mto mmoja nitakwambia huyo hakuijua shule yake vizuri.

Mpemba wa Mchangani

Assalaam alaykum. Mimi si mtu wa ngumi ila nimeusoma uzi wote. Ndugu yangu hii kwetu inaitwa silsila. Sheikh akikaa kusomesha, kabla ya kufungua kitabu anasema, nimesoma kwa fulani, naye kasoma kwa fulani. Akikatika pahala anasema hapa nimesoma mwenyewe kitabuni, sikupewa ijaza, yaani ruhusa ya mwalimu. Hapungukiwi kitu kwa kusema hivyo. Nimefurahi kuona Wakorea nao wana adabu hiyo.

Mtoto wa Reli

Waalaykum salaam sheikh wangu. Umenipa neno nililokuwa nalitafuta tangu mwanzo wa uzi.

Silsila yao wameifanya ya namba. Kila anayefikia dan ya kwanza, yaani daraja la kwanza la mkanda wa juu, anapewa namba yake, wanaiita dan bon, inafuata mlolongo tangu siku ya kwanza. Ukipewa yako ni yako maisha, hairithiwi wala haitolewi mara ya pili, hata ukipanda mpaka dan ya tisa namba ni ileile. Kwa hiyo wazee wawili wasiojuana wakikutana wanatajiana namba na papo hapo kila mmoja anajua nani alitangulia.

Sasa walimu waliofuata, maana kichwa cha uzi kinanidai.

Jae Chul Shin alifika Marekani mwaka 1968 akiwa mwakilishi wa Hwang Kee, akaanzia Burlington, hapahapa New Jersey. Wanafunzi wake wa kwanza wengi walikuwa askari waliorudi kutoka Korea. Mwaka 1982 akajitenga, akaanzisha chama chake cha dunia cha Tang Soo Do. Alifariki 2012. Wa pili ni Chun Sik Kim, aliyeweka kambi Pittsburgh, naye akaja kuwa na shirikisho lake. Wa tatu ni Jae Joon Kim wa Detroit. Na yupo Hwang Hyun Chul, mtoto wa mzee mwenyewe, ambaye alikuja Marekani miaka ya 70, na baba alipofariki tarehe 14 Julai 2002 ndiye aliyechukua nafasi ya Kwan Jang, mkuu wa nyumba. Tawi lake limeacha jina la Tang Soo Do, linatumia Soo Bahk Do.

Mnaona tena mgawanyiko. Huwa najiuliza kama mzee aliyekwenda mpaka mahakama ya juu kuilinda nyumba moja aliumia alipoona wanafunzi wake huku ughaibuni kila mmoja anajenga yake. Lakini ingia ukumbi wa yeyote kati yao, utakuta picha ya mzee yuleyule ukutani.

Kitu kimoja nikionyeshe kwa karibu, kwa sababu mwanzo kilinishangaza. Mwalimu wangu ana mkanda ambao chini ya taa za ukumbini unauona mweusi. Jioni moja ya Juni alitoka nje na sare kumsindikiza mzazi kwenye gari, jua lilikuwa bado halijazama, nikaona mkanda ule ni bluu. Bluu ya usiku wa manane. Kwenye uzi wa kingo ilikuwa imefifia mpaka karibu na kijivu, pale fundo linaposugua kila siku. Hwang Kee aliukataa mkanda mweusi. Sababu yake, nyeusi ni rangi iliyofika mwisho, huwezi kuitia rangi nyingine juu. Bluu ya usiku bado inapokea.

Mama Junior

Kaka asante sana. Mimi natafuta shule ya mtoto, ana miaka 8. Zipo mbili karibu na ninapoishi, zote zimeandika "Master" kwa herufi kubwa. Nitajuaje ya kweli?

Mtoto wa Reli

Dada, nikwambie kilichonikuta. Shule yangu ya kwanza huku sitaitaja. Nilisainishwa mkataba wa mwaka mzima siku ya kwanza, kila miezi miwili mtihani wa mkanda na ada yake, nikapanda mikanda mitatu kabla sijajua kusimama. Siku moja nikamuuliza mwalimu kwa heshima, wewe ulifundishwa na nani? Akaniambia hayo si maswali ya mkanda wangu. Nililipa miezi mitano iliyobaki bila kukanyaga pale. Iliniuma, na si kwa ajili ya pesa tu.

Kwa hiyo waulize wote wawili swali hilohilo, mtoto akiwa hapo. Mwalimu mwenye asili yake atafurahi kuulizwa, utashindwa kumnyamazisha. Angalia pia mambo madogo. Mtoto akifunguka sare katikati ya mazoezi anageuka kumpa mwalimu mgongo ndipo ajifunge? Hiyo ni adabu yao ya msingi, ikikosekana ujue kuna mengi yamerukwa. Na waulize cheo: Kyo Sa ni mwalimu, Sa Bom ni mwalimu wa daraja la juu zaidi, na kuna mitihani ya kufundisha tofauti na ya kupiga. Anayejiita "Master" aweze kukwambia ni lini na mbele ya nani.

Mama Junior

Nimekwenda leo. Wa kwanza alinipa karatasi ya bei. Wa pili ni mama wa makamo, alimwita Junior, akamsimamisha mbele ya picha tatu ukutani akamtajia mmoja mmoja, huyu mwalimu wangu, huyu mwalimu wake, huyu ndiye wa kwanza. Junior njia nzima anahesabu kwa Kikorea, hana, dul, set. Anaanza Jumatatu.

Karateka wa Zamani

Mtoto wa Reli, jana usiku nimesogeza meza sebuleni nikafanya Heian Shodan polepole huku nimefungua video ya Pyong Ahn Cho Dan. Zuia chini kushoto, hatua mbele na ngumi, geuka nyuma, zuia chini, vuta mkono, shusha ngumi kama nyundo, hatua na ngumi. Hatua kwa hatua, mpaka mpangilio ni wa Funakoshi, mwanzilishi wa Shotokan, aliyebadilishana ya kwanza na ya pili ya Itosu. Kwa hiyo mzee kweli alisoma vitabu vya Kijapani. Ila kuna kitu sikielewi. Kabla ya kila kuzuia, kiuno cha yule bwana kinakwenda upande usiofaa kwanza. Sisi tungechapwa.

Mtoto wa Reli

Hapo umegusa penyewe. Inaitwa huri, kiuno. Ukizuia chini kushoto, nyonga kwanza inakusanya kwenda upande wa pili, taratibu, halafu inatangulia, mkono unaburutwa nyuma yake na kufika mwisho kabisa. Mwaka wangu wa kwanza mwalimu alikuwa anasimama nyuma yangu ameweka kiganja kwenye mfupa wa nyonga, mimi natupa mkono, yeye anasema bado, mkono umewahi. Tulifanya pigo hilo moja kwa nusu saa. Jasho linatiririka mpaka kwenye macho na sijapiga ngumi hata moja. Mara nikahisi kiganja chake kinasukumwa kabla bega langu halijatikisika, akaondoa mkono akaenda kwa mwingine bila kusema neno.

Jaribu leo usiku, simama wima tu, mikono iache ining'inie. Zungusha kiuno peke yake kushoto na kulia, acha mikono ifuate. Kisha urudie Shodan yako na uniambie kwenye ile ngumi ya nyundo umehisi nini.

Karateka wa Zamani

Meza haijarudishwa bado. Nakuja.